Honi Inayolia Kushoto

Jumatatu, 14 Julai

Pikapu haina honi. Yaani honi ipo, nikifunua boneti naiona, ila ukiibonyeza haisemi kitu. Nimebonyeza asubuhi nzima. Kidole gumba kinauma.

Na leo ndiyo siku Xavery ameamua kuja! Xavery ni mwanyumba wangu. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, na tangu hapo ananitazama kana kwamba ukubwa huo aliupata kwa jasho. Ameleta ujumbe wa mkwe wetu, Mzee Mahona wa Ipole. Niende Jumamosi na mtu mzima, tuzungumze habari ya mke wangu Koleta. Jumamosi ikipita sijafika, Koleta anakwenda Kaliua kwa shangazi yake, ambaye ana mgahawa karibu na stesheni na anatafuta mtu wa kumwachia. Mke akishaachiwa mgahawa harudi. Hilo nalijua bila kuambiwa.

Koleta yuko kwao tangu wiki niliyonunua pikapu. Anadai niliuza cherehani yake. Sikuuza! Niliibadilisha ikawa gari, sehemu ya mbele. Koleta ni mwanamke mwema ila haoni mbali.

Xavery akasema hana neno, atanipa lifti Jumamosi. Nikamkatalia kwa heshima. Akarudia. Nikamkatalia bila heshima. Akaingia garini, akaaga kwa honi. Honi yake ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Kuku wa mtaa wetu wote wa Chemchem walikimbia.

Sitaingia ukweni kimya. Babu zangu wapagazi walitembea toka hapa hadi pwani na mizigo kichwani, na mbele yao linapigwa baragumu. Leo mjukuu wao afike na gari zima, halafu asisikike?

Jumanne, 15 Julai

Kwa Bernardo, fundi umeme wa magari. Kaingiza kichwa chini ya usukani, kakitoa, kasema waya umechakaa ndani, lazima usukani uvuliwe, niliache gari hadi keshokutwa. Nikamuuliza kama anafungua usukani au anafungua benki. Hakucheka. Nikaondoka na gari langu.

Nimetengeneza mwenyewe. Video moja ya simu, bisibisi, na tepu nyeusi. Kuna waya nimeukuta hauna kazi, nikaupa kazi. Nikabonyeza honi: kimya. Basi nikawasha gari nirudi kwa Bernardo kwa unyonge. Pale getini nikakata kushoto.

Ililia! Ndefu, nene, ya kiume! Amne, jirani yangu muuza vitumbua, alimwaga karai lote la unga. Nikanyoosha usukani, ikanyamaza. Nikakata kulia, kimya. Nikakata kushoto, ikalia tena. Amne akasema maneno ambayo sitayaandika.

Jumatano, 16 Julai

Nimefikiri. Gari linalolia kushoto tu si bovu. Ni zima nusu.

Nimekwenda sokoni kwa kukata kulia tupu. Inawezekana, ila unazunguka sana. Nimepita mbele ya nyumba ya Xavery mara kadhaa. Mwishowe akatoka na kikombe cha chai, akauliza kama nimepotea. Nikasema nafanyia injini mazoezi.

Bernardo amefiwa, yuko Urambo hadi Jumapili. Nikampigia simu kumpa pole, nikachomekea na habari ya honi. Akasema, kwa sauti ya mtu aliye msibani, nichomoe waya wa honi tu, niende kimya, kimya hakijamuua mtu.

Nilifika hadi kuushika ule waya. Mkono ukasita. Kumbe nilikuwa nawaza nini? Njia ya Ipole imenyooka karibu yote. Na boma la Mzee Mahona liko upande gani? Kushoto! Nitakapokata kuingia kwa mkwe, honi italia yenyewe, ndefu, nami mikono yote iko kwenye usukani, mtulivu, kama mtu asiyependa makuu. Xavery lazima abonyeze. Mimi sibonyezi.

Waya nimeuacha. Nimekula ugali wote, mara ya kwanza tangu Koleta aondoke.

Alhamisi, 17 Julai

Mzee Zablon amekubali kunisindikiza. Ni mzee wa kanisa la Moravian, anaheshimika hadi Sikonge, na hasemi uongo hata wa kusaidia. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi.

Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza mafunzo. Ukweni huingii na viatu vya vumbi. Ukweni huongezi chakula. Na mama mkwe ukikutana naye njiani, unampisha, unatoka njiani kabisa, humkodolei macho, hupazi sauti. Nikamwambia mimi Mnyamwezi, hayo nimezaliwa nayo. Akauliza habari ya honi, maana Amne kamsimulia; nikamweleza hadi ushauri wa Bernardo. Akaniambia niuchomoe ule waya kabla ya safari. Nikasema sawa, mzee.

Sikusema lini.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeosha gari. Nimenyoa. Nimejaribu kusema "nisamehe" mbele ya kioo, linatoka vibaya, kama mtu anayeuza kitu. Nyumba ni kubwa mno bila Koleta. Mimi ninaogopa, na hapa naweza kulisema kwa kuwa hakuna anayesoma. Asipokubali kesho, sijui nitafanya nini.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kabla sijavua viatu.

Tulitoka asubuhi. Lami nzuri. Njia ya Ipole haikunyooka kama ninavyoikumbuka. Kila kona ya kushoto, honi. Mbuzi wakaruka. Mtu wa baiskeli ya mkaa akaingia porini na mkaa wake. Mzee Zablon akashika kofia kwa mikono miwili, akaniuliza taratibu kama sikuchomoa waya. Nikasema nilichomoa mwingine. Tukapita Sikonge.

Tukaacha lami, tukaingia njia nyembamba ya mchanga. Kulia mtaro. Kushoto matuta ya viazi. Boma nikaliona kwa mbali, na gari la Xavery liko tayari uani. Mbele yetu anakuja mwanamke mrefu, ndoo ya asali kichwani. Mama mkwe.

Nikakumbuka mafunzo. Unampisha, unatoka njiani kabisa. Kulia siwezi, ni mtaro. Nikakata kushoto.

Honi!

Mama mkwe akashtuka. Naye ana adabu zake, akatoka njiani ili mkwe apite, akaingia upande uleule wa matuta. Kwa hiyo nikampisha zaidi. Kushoto zaidi. Honi ikazidi! Akarudi nyuma, nami nikazidi kumpisha, na kadiri nilivyompa heshima ndivyo nilivyompigia kelele usoni. Ndoo ikaanguka. Asali yote ikamwagika mchangani. Tairi la mbele likazama katikati ya matuta mawili, usukani ukakwama kushoto, na honi haikukata.

Nikazima gari. Haikusaidia, honi inakula betri moja kwa moja. Kushuka siwezi, mama mkwe yuko mbele yangu. Kumtazama siruhusiwi. Nikainamisha kichwa, nikakaa vivyo hivyo huku honi inalia, inalia, inalia, na Mzee Zablon pembeni anasali kwa sauti ambayo hata Mungu hakuisikia. Watu wakatoka majumbani. Nikaona miguu mingi. Nikaitambua na ya Koleta, amevaa ndala zile za bluu.

Mzee Mahona akaja na kisu chake cha kurinia asali, akafunua boneti, akakata waya. Honi ikanyamaza, nami nikatamani irudi.

Kikao kikaanza. Hakikuanzia kwenye cherehani wala kwenye ndoa, kikaanzia kwenye honi. Mzee Mahona akasema tangu azaliwe hajapata kuona mkwe akimfukuza mama mkwe kwa honi ndani ya matuta yake mwenyewe. Xavery akatikisa kichwa kwa huzuni. Anatikisa vizuri sana, nampa haki yake.

Koleta alikuwa na swali moja tu. Nilijua kwamba honi ni mbovu hivyo, au sikujua? Nikafungua mdomo niseme sikujua. Mzee Zablon akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akasema mbele ya wote kwamba nilijua, fundi aliniambia, na yeye aliniambia.

Koleta akasimama. Akasema cherehani haikuwa kitu, kilichomkimbiza ni kuishi na mtu anayeambiwa jambo akaitikia sawa, kisha asilifanye. Nilitaka ardhi inimeze, hata pale kwenye asali.

Hukumu: mbuzi na kitenge kwa mama mkwe, honi itengenezwe na fundi wa kweli, turudi Jumamosi ijayo. Kaliua itasubiri hadi hapo. Mama mkwe, kutoka ndani ya nyumba, alituma neno kwamba hana kinyongo, ila nije taratibu.

Tulivutwa kutoka kwenye matuta na gari la Xavery. Akatuaga kwa honi yake, ya juu na ya chini.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka kanisani nimebadilika. Mzee Zablon ana haki, Bernardo ana haki, Koleta ana haki kuliko wote. Kuanzia leo naambiwa, natenda.

Koleta kapiga simu! Kauliza kama nimempata fundi. Nikamwambia Bernardo amerudi, na kesho anavua usukani. Akasema vizuri. Kisha akasema ameanza kukunja nguo zake za kurudi. Nimelia. Nimelia kweli, nimekaa pembeni mwa kitanda na simu mkononi.

Nikatoka mbio kwenda kwa Bernardo. Njiani nikapita kwa Adinani, muuza vipuri vya magari yaliyokufa. Na pale juu ya meza, imefutwa vumbi, iko honi ya upepo ya basi la mikoani. Sauti tatu! Haihitaji usukani wala waya wa usukani, ina swichi yake. Kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua Bernardo, bado ana msiba. Adinani ameifunga leo leo. Nimeijaribu, imesikika hadi kwa Xavery, nimeona pazia linasogea.

Na nimejifunza. Sitaipiga karibu na mama mkwe, hata kidogo. Nitaipiga nikiwa bado mbali kule barabarani, na kwa nguvu zote, ili asikie mapema na apishe njia.