Pengo na Biskuti

Jumatatu, 3 Machi
Ifahamike kwa vizazi vyote: leo nimenunua biskuti. Pakiti nzima, zenye krimu! Sababu ni wakala wa bima. Alivua viatu mlangoni, akaniita baba, akaeleza: bima ya serikali hulipia mstaafu sehemu kubwa ya matibabu, kipande kinambakia mwenyewe, bima ya nyongeza ndiyo huziba pengo. Nikaelewa palepale. Miaka thelathini katika masjala ya hospitali, nisielewe? Nikasema sijaelewa. Atarudi Jumatano. Akili ni nywele, na upara wangu leo umeota.

Jumatano, 5 Machi
Jirani, mpima ardhi mstaafu, amejigamba kutoka ng'ambo ya ua wetu: yeye alielewa kwa dakika tano, akatia sahihi. Pole yake. Hajatembelewa tena. Leo wakala alifundisha kwa biskuti: nzima ni gharama, hapa serikali imeuma, kipande hiki chako. Nikakila. Ikabidi aanze upya. Saa mbili na nusu! Alipoondoka nikaosha vikombe viwili. Polepole.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya mwisho ya kujiunga bila kupimwa. Kesho wangeuliza habari za presha yangu, nayo haijui kunyamaza. Nilipanga kutoelewa hadi saa kumi. Nikakwama penye "Jina la mwenza". Mkono ukaandika jina la mama watoto, kama ulivyozoea. Wakala akauliza mama yuko wapi, naye atie sahihi. Nikasema ametoka kidogo. Akaitazama miwani ya mama watoto juu ya kabati, na vumbi juu ya miwani. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Juni ya mwaka juzi.

"Baba," akasema, "ulielewa tangu Jumatatu, sivyo?"

Nikasema bima niliielewa. Akanipa fomu mpya. Nikatia sahihi.

Jumatatu, 10 Machi
Ukweli ni huu. Kadi imefika, pengo limezibwa, hakuna tena cha kuelezwa. Wakala alisema nikitaka mazungumzo nipige simu tu, si lazima nijifanye mjinga. Ushauri mzuri. Nimeutafakari asubuhi nzima. Kisha nikapiga simu kuuliza "nyongeza" maana yake nini. Anakuja Alhamisi.

Dukani nimemkuta jirani, naye ananunua biskuti. Eti kuna kifungu ghafla hakimwelei.

Zake hazina krimu. Kwa haraka yake amekula wa chuya.