Mashine Iliyoliona Tumbo Langu

Leo nimeadhirika, jamani, na nawaandikia upesi kabla Salum hajawaandikia yeye.

Mnanijua. Shule niliachia darasa la nne, nikatoka Mombasa na sanduku moja, na sasa nina kampuni yangu mwenyewe ya kuziba nyufa za madirisha, hapa Hayes, kwenye baridi ya Wazungu. Tangu mafuta ya kupashia nyumba joto yapande bei, wataalamu wa chuo wanachunguza majumba makubwa yanapotezea wapi joto. Wakanipa dirisha moja la kujaribu kwenye jengo la maofisi. Nikifaulu, jengo zima ni langu.

Asubuhi nimeingia na shati na kizibao tu. Wazungu wamevaa makoti. Nikawaambia nikiziba mimi, hata pumzi ya sisimizi haipiti, koti la nini? (Chini ya kizibao mke wangu alinifunga chupa ya mpira ya maji ya moto, kwa leso yake. Mtu wa pwani ni mtu wa pwani.)

Daktari wao (wa elimu, si wa dawa), mama mmoja mrefu, mpole, akawasha mashine yenye kioo kama cha televisheni. Penye joto panang'aa, penye baridi panakuwa peusi. Wallahi, sijaona kitu kama kile. Kwenye madirisha mengine baridi ilikuwa ikiingia kama wino unaotambaa ukutani. Langu, safi. Kitu ambacho binadamu hajakiona tangu Adamu, nakiona mimi wa darasa la nne!

Nikasogea nilishike dirisha langu kwa fahari. Nikapita mbele ya mashine.

Kiooni akatokea mtu wa kijivu, tumboni kabeba jua.

Wote wakanigeukia. Yule mama akaniomba nikae chini, akamtuma mtu aite ambulensi. Nikasema ni pilipili za jana. Hakuna aliyeamini.

Salum, fundi wangu wa Unguja, akaninong'oneza: "Bosi, itoe tu. Hawa watakupasua."

Nikafungua vifungo. Leso ya maua mekundu ikafunguka, chupa ikadondoka miguuni, pwaa. Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta.

Mama akaiokota, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Dirisha limefaulu," akasema. "Wewe ndiye unayevuja."

Jengo nimepewa. Ila tangu mchana Salum ananiita Bwana Jiko, na nyinyi naomba mbaki na jina langu la zamani.