Nahodha wa Ziwa Kapsoit

Jumanne, 7 Septemba 1999

Nimepigwa na butwaa. Nimedhihakiwa na watu kumi na mmoja kwa siku moja, na sijawahi kumwona hata mmoja wao.

Nilishuka mjini Kericho asubuhi, kama kila Jumanne na Ijumaa, hadi kwa Sally, mwenye duka la kupiga chapa na kompyuta. Yeye ndiye hunipokelea barua za Jukwaa la Wenye Mashua. Mwanachama mmoja akiandika, barua huwafikia wote kumi na wawili kwa dakika moja, kutoka Kisumu hadi Mombasa. Maajabu! Sally huzitoa kwenye karatasi, nami huzisoma palepale, nikiwa nimevaa tai.

Leo barua zilikuwa kumi na moja. Zote kunihusu mimi! Chanzo ni Nyamwange wa Kisumu, muuza vipuri, mwenye mashua ya injini mbili. Wiki iliyopita nilimsahihishia sentensi tatu mbele ya wote. Kwa wema. Mwalimu mkuu mstaafu hawezi kuona kosa akapita kimya. Badala ya kunishukuru, ameuliza Kericho kuna maji gani, mbali na yale ya kuchemshia chai.

Wengine wakadandia. Yule wa Mombasa ametaka kujua kama mashua yangu huvutwa na punda. Dorcus wa Naivasha, mama mpole niliyemdhania rafiki, ameuliza tu, "kwa heshima zote, Nahodha," maji ya Ziwa Kapsoit hujaa saa ngapi na kupwa saa ngapi.

Swali zuri. La kitaalamu. Nimejibu papo hapo: hujaa saa nne asubuhi, hupwa saa kumi jioni, isipokuwa Jumapili.

Hapa naandika ukweli, kwa kuwa daftari hili hulifungia kabatini. Sina mashua. Sijawahi kuwa nayo. Ziwa Kapsoit ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Nilisema ziwa, ukubwa sikutaja. Lakini tangu nistaafu hakuna aliyekuwa akiniandikia. Shuleni wamepaka rangi juu ya jina langu ukutani. Njiani naitwa yule mzee wa majani chai. Kule jukwaani naitwa Nahodha. Na watu kumi na mmoja!

Ijumaa, 10 Septemba

Ole wangu! Ulikuwa mtego!

Ziwa halijai wala halipwi. Ni bahari tu. Dorcus ameeleza hivyo kwa aya mbili, kwa upole uleule, akamaliza kwa kunitakia baraka. Mwanamke wa kanisa! Wa Mombasa ameandika kwamba amecheka hadi mkewe amemletea maji. Mwingine amependekeza nipewe cheo cha Mkuu wa Majeshi ya Majini ya Nandi Hills.

Kisha ya Nyamwange. Fupi. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano atakuwa na shughuli Kericho. Atapita Kapsoit, aione mashua na kuipanda. Ikikosekana, jina langu lifutwe jukwaani, na yeyote asiniite tena Nahodha. Wote wamekubali isipokuwa mmoja, naye yuko likizo.

Sally alikuwa amesoma kabla yangu. Nilijua kwa mabega yake, yalikuwa yakitetemeka. Aliniuliza: "Mwalimu, na sisi utatupandisha?"

Nilikusudia kuandika kwamba ninasafiri. Nikajikuta nimemwambia Sally aandike "Karibu sana". Mdomo huu! Sikuuruhusu.

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani. Mhubiri alikuwa kwenye habari za Nuhu. Nilikaa wima. Mtu wa milimani, mbali na maji, akichekwa na wote. Na safina aliijenga.

Mbao zipo! Nyuma ya jiko kuna mbao za blugamu zilizopasuliwa wiki jana, za banda jipya la ng'ombe. Rodah, mke wangu, amelidai banda hilo tangu Machi, kwa sababu ng'ombe wake wawili wa maziwa wanasimama kwenye tope hadi magotini. Nimemwahidi mara nne. Ataelewa. Ni kuazima tu.

Ninachohitaji sasa ni fundi.

Jumatano, 15 Septemba

Siku ya fedheha.

Nilimpata Okemwa, seremala aliyehamia hapa kutoka Kisii miaka mingi iliyopita. Kazi safi. Hata mabenchi ya kanisa ni yake. Nilimweleza: kitu kirefu, cha mbao, kimefungwa chini, wazi juu, mtu mzima atoshe ndani. Okemwa alivua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa mrefu kiasi gani.

Nikamwambia ni watu wawili. Akakaa chini.

Tulielewana baadaye. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Kufikia saa sita kitu kile kilikuwa kimepata mabega. Nilimwambia mashua haina mabega. Akasema kwake yeye kila kitu kirefu kina mabega.

Mimi nilikwenda kutafuta misumari. Rodah alikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Hakuna aliyekuwa nyumbani kueleza. Watu walipita, wakamwona Okemwa anapiga randa uani kwetu, wakaona umbo, wakahesabu nani hayupo.

Nilirudi saa nane. Wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa uani. Sufuria tatu jikoni. Wimbo! Rodah naye alikuwa akiingia kwa lango la chini na kikapu chake mgongoni, akasikia analiliwa mumewe. Alikitupa kikapu. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Kisha akaniona mimi nimesimama na kilo mbili za misumari.

Mama mmoja alizirai.

Rodah hakunikumbatia. Alizitazama mbao. Aliuliza: "Baba Cherotich, hizo si za banda langu?" Nikasema ni hori. Hori kubwa la kunyweshea ng'ombe, la kisasa. Akalizunguka mara mbili. Akasema ng'ombe gani ana mabega hivyo. Akaenda kuwapikia waombolezaji chai.

Chakula chao hawakurudi nacho. Nimekula githeri ya matanga yangu mwenyewe. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Jumatatu, 20 Septemba

Siku tano zimebaki. Mashua imekamilika. Leo nimeijaza maji ndani ili niipime.

Yalitoka sehemu kumi na nane. Nilihesabu! Mbao zilikuwa mbichi, na jua la asubuhi tatu limezikunja. Nilimwita Okemwa kwa ukali. Alitazama maji yakichuruzika, akasema bila haya: "Mwalimu, hizi zangu za kawaida hazina haja ya kuzuia maji. Mwenyewe huwa halalamiki."

Nilikaa jikoni nimevunjika moyo. Mbele yangu, ukutani, vibuyu vya Rodah vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kimoja kina maziwa ya wiki mbili. Hata tone halijatoka! Na ndani ya kibuyu kuna nini? Mkaa. Rodah huusugua mkaa wa mti wa senetwet kwa kijiti hadi ukuta wote wa ndani unang'aa. Mkaa ndio huziba! Watu wa Mombasa wana pamba na mafuta ya papa. Sisi tuna sayansi yetu, na hakuna aliyewahi kuipeleka majini.

Nilitwanga akiba yake yote ya mkaa. Ili ushike, nilichanganya na samli, na chumvi ya ng'ombe viganja sita. Nimesugua tangu saa nane hadi saa kumi na mbili. Mashua inang'aa kama kiatu cha mkaguzi wa shule.

Rodah amenusa hewa kutoka mlangoni. Amesema kibuyu hakivuji kwa sababu ni kibuyu. Mkaa ni wa ladha. Hajasoma mambo ya mashua.

Jumamosi, 25 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nguo zangu Rodah amekataa kuziosha.

Nyamwange alifika saa nne. Mtu mkubwa! Nilimdhania mwembamba kwa namna anavyoandika. Shati jeupe, suruali nyeupe, kofia nyeupe yenye nanga. Nusu ya Kapsoit ilikuwa imekusanyika ukingoni, na Sally alikuwa amefunga duka.

Alisimama, akalitazama bwawa. Akatazama ng'ombe wa Rodah waliokuwa wakinywa upande wa pili, ambao angeweza kuwapiga kwa kofia. Akauliza ziwa lenyewe liko wapi. Nikasema ndilo hili. Akauliza lililobaki. Nikasema maji yamekupwa. Nilisahau!

Lakini mashua aliiona. Aliikodolea macho. Aligusa mabega. Alisema, taratibu, "Kumbe ipo." Nusura nilie. Alipanda mbele, mimi nyuma. Okemwa alitusukuma, akavua kofia tena. Mazoea.

Ikaelea! Mbele ya wote! Nilihesabu hadi ishirini na sita. Watu walipiga makofi. Nyamwange aligeuka, akaniambia: "Nahodha, mimi nakuomba radhi."

Ndipo samli ilipoachia.

Maji yaliingia meusi, kutoka sehemu zote kumi na nane, na nyingine mpya. Mashua haikupinduka. Ilishuka tu, wima, kwa heshima, kama Okemwa alivyoizoesha. Nyamwange alishuka nayo akiwa amekaa, ameshika ubao kwa mikono miwili. Mkaa ulimwingia machoni. Maji yalimfika kidevuni yakasimama, kwa kuwa mashua ilikuwa imefika chini. Alipiga yowe kwa Kiswahili, kwa Ekegusii, na kwa lugha nyingine nisiyoijua. Alisema mkewe aambiwe.

Angesimama, maji yangemfika kiunoni. Sikumwambia. Haukuwa wakati wa kumsahihisha.

Kisha ng'ombe! Walinusa chumvi. Wale wawili waliingia bwawani bila kusita, mmoja akaanza kuiramba mashua, mwingine akamramba Nyamwange sikio. Alinisihi nimtoe huyo mamba.

Nilimshika kola nikamvuta, natembea, hadi ukingoni. Alitoka mweusi kuanzia kidevuni kwenda chini, kofia ikiwa bado nyeupe. Hakufungua macho hadi alipofikishwa kwenye gari lake.

Yamekwisha. Jumanne nitafutwa.

Jumanne, 28 Septemba

Nimeshtuka kuliko siku zote!

Barua ya Nyamwange ilikuwa ya kwanza. Nilimwomba Sally anisomee. Mimi niliziba uso. Ameandika: "Ndugu zangu, mashua ipo. Nimezama nayo mwenyewe. Ziwa ni dogo kwa juu lakini kwa chini halina mwisho. Lina mnyama. Nahodha alinishika akaniogelesha hadi nchi kavu, na umri wake ule. Anayemtilia shaka aje kwangu."

Sally alinitazama. Yeye alikuwepo ukingoni.

Kura imepigwa: kumi na moja kwa sifuri, wa likizo amerudi. Nabaki! Wa Mombasa ameomba msamaha. Dorcus ameandika kwamba jambo moja tu linamshangaza, naye anauliza kwa nia njema: mtoto wa milimani alijifunzia wapi kuogelea?

Nilikuwa na jibu la kweli mkononi. Sentensi fupi: nilitembea. Kiima na kiarifu, basi. Wangecheka kidogo, wangenipenda hata hivyo. Hata mimi niliona. Sally alisema, "Mwalimu, mwambie tu." Vidole vyake vilikuwa tayari.

Nimejibu kwamba nilifundisha kuogelea chuoni kwa miaka kumi na moja, na kwamba nikiwa kijana nilivuka Ghuba ya Winam mara mbili, mara ya pili nikiwa nimembeba mchungaji.

Ijumaa, 1 Oktoba

Jukwaa limefurahi kupita kiasi. Barua ishirini! Kumbe kwa miaka miwili wamekuwa wakitafuta mtu wa kuwafundisha uokoaji majini. Wameniteua. Bila kupingwa. Jumamosi ijayo wanachama wote wanakutana Kisumu. Nyamwange atatupeleka kwa mashua yake hadi katikati ya ziwa, pale penye kina kirefu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuruka, ili waone.

Sally amesema bado kuna nafasi ya kuandika neno moja. Nimemwambia aandike neno moja. Nimekubali.

Nyumbani nimelala kifudifudi juu ya benchi la jikoni tangu saa tisa, napiga mikono na miguu kwa mpangilio. Rodah, aliyekuja kutia kuni, amesimama akanitazama kwa muda mrefu. Ameuliza kama nimewahi kuingia kwenye maji yanayonipita urefu. Nimemweleza kwamba hilo si swali la msingi. Nimefanya mazoezi kwa saa mbili na sijazama hata mara moja.

Sioni ugumu wowote. Kuogelea ni kutembea, ila umelala.