Soseji za Buluu

Jumatatu, 4 Machi

Nimefunga kamera mpya juu ya mkanda wa soseji nyekundu. Kijitabu chake cha maelekezo kina kurasa 212. Kimenifaa sana kuwekea kikombe cha kahawa. Saa tatu nikawasha. Kwenye skrini: soseji za buluu! Mashine ikazitupa zote, kwa sababu kazi yake ni kutupa chochote cha buluu: kipande cha glavu, plasta, kifuniko cha kalamu. Kiwandani vitu hivyo hununuliwa vya buluu makusudi, vionekane.

Kosa nililiona papo hapo. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hutumwa kama namba tatu. Kamera ya zamani ilianza na nyekundu, hii inaanza na buluu, na kompyuta bado inasoma kwa mpangilio wa zamani. Kurekebisha ni dakika moja. Lakini lazima nimwombe bosi, Gudrun, neno la siri, na hapo nitakuwa nimekiri.

Huku Jutland, Denmark, anayeboronga huleta keki Ijumaa kwa ajili ya shifti nzima. Mimi nimeleta Ijumaa tatu mfululizo. Na Ijumaa hii Gudrun anamtaja mkuu wa kamera: mimi au mwenzangu Vibeke. Nimekisubiri cheo hicho miaka kumi na moja. Keki ya nne, kwaheri cheo.

Vibeke alipita akauliza, "Vipi Egon, soseji zako zimeshikwa na baridi?" Simpendi.

Jumanne, 5 Machi

Wazo! Mashine haijui buluu ni nini, inajua ilichofundishwa. Nimeifundisha upya, kazi isiyohitaji neno la siri: buluu pitisha, nyekundu tupa. Plasta ya buluu sasa itaonekana nyekundu, basi itatupwa. Kila kitu sawa, ila kinyume.

Skrini nimeiondolea rangi, nimebakiza mwangaza tu. Gudrun akauliza mbona imekuwa kama picha ya harusi ya bibi yake. Nikamjibu kwamba jicho la binadamu hujali mwangaza kuliko rangi. Ndilo jambo pekee la kweli nililosema leo.

Jumatano, 6 Machi

Gudrun amefanya jaribio mwenyewe. Akaweka glavu ya buluu mkandani. Ikatupwa! Akasema, "Si mbaya." Huku kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo. Baba aliniambia hivyo mara moja tu, nilipooa. Machozi yalinilenga.

Vibeke ameomba kijitabu. Nimempa. Asome tu, amechelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejikata kidole nikitengeneza kibao cha mlangoni: EGON, MKUU WA KAMERA. Vibeke akanifunga plasta mwenyewe, kwa upole uliotia shaka.

Saa nane nilikuwa napima mlango wa ofisi. Vibeke naye alikuwa amefika ukurasa wa 140. Akamwomba Gudrun neno la siri, akarekebisha mpangilio wa rangi. Alitaka kunisaidia, anadai. Kamera ikaanza kuona soseji nyekundu kama zilivyo. Mashine, mwanafunzi wangu mtiifu, ikazitupa zote.

Nikakimbilia mkanda nikipunga mikono. Plasta ikachomoka kidoleni, ikaangukia mkandani kati ya soseji. Mashine ikaikagua. Ikaipitisha! Ikafungwa vizuri kwenye pakiti, peke yake. Ndiyo bidhaa pekee iliyofaulu mchana kutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeleta keki. Ya limau, Vibeke anaipenda. Gudrun aliweka pakiti yenye plasta katikati ya meza, kando ya sahani, akauliza nani anaitambua. Nikanyoosha mkono wenye kidonda. Mkuu wa kamera ni Vibeke. Wote wakapiga makofi, na mimi pia, ingawa kidole kiliniuma. Roho iliniuma zaidi. Kibao nimekigeuza, nikamwandikia jina lake upande wa pili. Akasema si mbaya.

Jumatatu, 11 Machi

Gudrun ametaka maelezo ya maandishi: chanzo cha kosa, na hatua za kuzuia lisijirudie. Nimefikiri kwa makini tangu asubuhi. Chanzo ni rangi ya plasta. Kama isingekuwa ya buluu, hakuna ambaye angeiona.

Nimeshaagiza katoni nzima ya plasta nyekundu, wekundu uleule wa soseji zetu. Kamera haitasumbuka tena.

Vibeke amesoma agizo langu mara mbili. Halafu akauliza kama Ijumaa ningeweza kuleta keki ya chokoleti. Sijui ana sherehe gani.