Kadi ya Mgeni Salama

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Msimuliaji anaapa kwa pensheni yake, ambayo ingawa ni ndogo haijawahi kumwongopea mtu. Ameapa hadharani, kijiweni kwa Faraji muuza kahawa, Kinondoni, mbele ya watu wazima na akili zao, akaongeza na sharti: akikutwa na uongo hata wa ukubwa wa chembe ya tangawizi, kahawa na kashata za kijiwe kizima ni juu yake. Faraji akasema, "Haya mzee, tumekusikia," akaanza kupanga vikombe kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Basi palikuwa na bwana mmoja akiitwa Gervas.

Gervas hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi alikuwa ananuna. Mwizi huchukua, Gervas alikuwa anapewa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na sauti yake ilikuwa ya upole kama ya yule anayesoma matangazo ya vifo redioni. Akikuambia mvua inanyesha, ulikuwa unakunja suruali kabla ya kutazama juu.

Jumamosi moja mchana alikuwa anakula chipsi mayai mbele ya nyumba ya wageni, anaiwaza Jumatatu. Jumatatu alikuwa anafunga ndoa bomani na mwalimu Atuganile. Uchumba wao ulikuwa umechakaa kwa kusubiri kitu kimoja tu, kitambulisho cha taifa cha bwana harusi. Namba alikuwa nayo siku nyingi. Kadi yenyewe ndiyo ilikuwa haitoki. Watu walioa, wakazaa, watoto wakaanza chekechea, Gervas bado anaambiwa arudi wiki ijayo. Sasa ilikuwa imetoka. Alitembea nayo mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na baba mkwe alikuwa ameshapanda basi kutoka Tukuyu, na suti mpya mapajani ili isijikunje. Mzee huyo alishasema wazi kwamba Jumatatu ikipita bila cheti, anarudi Tukuyu na binti yake.

Hapo likaja basi dogo lenye namba za Kenya, wakateremka kina mama wa kikundi cha kusaidiana kutoka Mombasa. Walikuwa wamevuka mpaka Horohoro kwa shughuli moja tu: kucheza taarabu ukumbi wa jirani usiku huo mpaka miguu iombe msamaha. Ila kabla ya miguu, midomo.

"Mie hati yangu ya kusafiria siiachi chumbani. Kwenye grupu wamesema chumbani yaibwa."

"Grupu hilohilo limesema ukumbini wakuchomolea hata mwiko uliouficha kifuani! Sasa utaiweka wapi, kinywani?"

"Na ukitoka bila hati, uhamiaji wakikusimamisha utawaonyesha nini? Kiuno?"

Gervas akaacha chipsi. Wanaomjua wanasema hilo halijawahi kutokea.

Hapa msimuliaji anaomba kijiwe kitafakari kidogo. Mkazi wa Dar akifika kwenye geti lolote, akakuta meza, daftari na mtu aliyevaa kizibao cha rifleta, mkono wake unaenda mfukoni wenyewe. Anatoa kitambulisho, anapewa kibati chenye namba, anapita. Hajui amemwachia nani. Ukimwuliza yule mlinzi ana sura gani, atakwambia, "Ya njano, yenye mistari inayong'aa." Gervas alikuwa analijua hilo kuliko tabia zake mwenyewe, na biashara aliyoifungua saa ile ilisimama juu yake.

Ilipofika alasiri alikuwa ameketi getini pa nyumba ya wageni na meza ya plastiki, rifleta, sanduku la bati lenye kufuli, na kadi za kuning'iniza shingoni alizozitengenezesha steshenari. Zimeandikwa MGENI SALAMA kwa herufi kubwa, na chini yake: "Ukipata shida piga namba hii." Namba ilikuwa ya kwake kabisa. Hata tapeli kuna wakati ukweli unamponyoka.

"Karibuni kina mama, shikamooni! Usalama wa wageni huu. Hati unaacha hapa, unatembea na kadi. Kibaka akiiona anakimbia, askari akiiona anasalimia. Elfu tano tu, na hiyo ni ya wino!"

Wakapanga foleni. Na kwenye foleni hiyo, enyi wanakijiwe, akaingia mzee mmoja wa Kibamba. Hakuwa mgeni wa mpaka wowote isipokuwa ule wa Mbezi. Alikuwa anapita zake kununua dawa ya mbu, lakini ni mstaafu, na mstaafu akiona meza na foleni anajua ni uhakiki wa pensheni. Akajipanga. Akatoa kitambulisho, akatoa elfu tano, akavalishwa kadi ya mgeni, akashukuru. Nyumbani mkewe alimtazama shingoni akamwuliza, "Umekuwa mgeni hapa tangu lini?" Mjinga wa kiwango hicho kweli ni wa kuhurumiwa, ingawa inasemekana alikuwa mtu wa sura nzuri na mwenye kuheshimika.

Foleni ilipokwisha akatokea kiongozi wa msafara, Bi Mwanakombo, aliyekuwa ndani akiteta na meneja kuhusu mashuka. Mama mnene, buibui jeusi, miwani kwenye kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki ni kitu gani?"

Gervas akamweleza kwa ile sauti ya vifo. Bi Mwanakombo akasikiliza huku anatikisa kichwa kwa huruma.

"Kuweka ni elfu tano. Na kutoa je?"

Gervas alikuwa amepanga kwamba kutoa iwe elfu kumi, asubuhi, basi likiwa limeshawashwa. Lakini mambo ya asubuhi husemwa asubuhi.

"Aa, kutoa ni jambo dogo, mama. Tutaelewana."

"Haya," akasema Bi Mwanakombo, taratibu sana. "Yangu nitakuletea baadaye." Akarudi ndani. Huko Mombasa alikuwa na vyumba vya kupangisha, na kila mwisho wa mwezi alikuwa anauzoea uongo wa aina mpya.

Mwenye busara angefunga meza hapo. Gervas alilipeleka sanduku chumbani kwake, akaoga, akawaza: ukumbini kuna wageni wengine, wa Lusaka, wa Kampala, wa wapi, wote wana hati na wote wana hofu. Jua lilipokuwa linazama akaelekea ukumbini na bunda jipya la kadi. Simu ikalia njiani.

"Gervas, baba kashafika. Kakaa kitini na suti, anasema haivui."

"Mwambie apumzike, mama watoto."

"Watoto gani? Sikiliza. Kitambulisho unacho?"

"Atu, mie nitausahau moyo wangu kwanza."

Alikuwa amefika kwenye geti dogo la pembeni. Palikuwa na kiti, meza, daftari, na mtu wa njano mwenye mistari inayong'aa.

"Kitambulisho," mtu huyo akasema.

"Maana baba kasema bila kitambulisho hakuna ndoa," Atuganile akasema sikioni.

"Nimekuelewa mpenzi, hiki hapa, nimekishika," akajibu Gervas, na kweli alikuwa amekishika, kwa nusu dakika zaidi. Akakitoa mfukoni, akakiweka mezani, akapokea namba yake, akapita. Hakuangalia uso. Nani anaangalia uso wa mlinzi?

Ndani hakupata mteja. Akatoka, akanyoosha namba yake. Kiti kilikuwa tupu, na rifleta imelazwa mgongoni pake kama shuka la mtu aliyeamka. Gervas akatazama kiganjani. Alikuwa ameshika kizibo cha soda, kimeandikwa 1 kwa kalamu ya wino.

Akasimama pale, anasema msimuliaji, kama mtu aliyeketi kwenye kiti alichokikata miguu mwenyewe. Aende polisi akaseme nini? Kwamba amemwachia kitambulisho mtu asiyemjua kwa sababu alivaa rifleta? Wangemwuliza na yeye anafanya kazi gani. Akazunguka, akawauliza bodaboda. Mmoja akasema ndiyo, kuna mama aliniazima rifleta kwa soda, akaninunulia na maandazi, mama mzuri sana. Taarabu ikaanza. Akawaona kina mama wa Mombasa wakiingia, kadi zao zinaruka shingoni, wanampungia mkono. Usiku ule hakulala.

Asubuhi simu ikalia.

"Halo, ni Usalama wa Wageni?"

"Ndiyo, tukusaidie nini?"

"Nimepata shida, mwanangu. Kwenye kadi mmeandika nikipata shida nipige. Nimeokota kijana. Mdogo hivi, mstatili, kwenye picha kanuna kama ananyimwa ubwabwa."

Gervas akakaa chini. "Mama," akasema, na sauti ya vifo ikaisha, ikabaki ya mfiwa. "Mama, naomba. Kesho naoa."

"Nalijua. Jana ulizungumza na mwali mbele yangu. Wampenda?"

"Nampenda mama."

"Basi usihuzunike. Kukuwekea sikukutoza hata senti. Kutoa ni jambo dogo. Tutaelewana."

Wakaelewana hivi: alete sanduku na kila hati iliyomo, alete fedha za watu, na awaandalie msafara mzima kifungua kinywa. Gervas akaja amebeba sufuria: mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, chapati, chai ya maziwa mabirika mawili, vyote kwa fedha yake halali, ile chache aliyokuwa nayo. Wakamvalisha kadi ya MGENI SALAMA, akawapakulia mmoja mmoja.

"Ongeza nazi, Usalama!"

"Usalama, samaki huyu kichwa chake kiko wapi? Kimeachwa getini?"

"Kwa nini hukunidai palepale, mama?" Gervas akamnong'oneza Bi Mwanakombo.

"Ungenitoza, ukanicheka. Meneja aliniambia waenda ukumbini jioni, nikakutangulia. Nilitaka uje mwenyewe, na chapati."

Akala akashiba, akanawa, ndipo akatoa kitambulisho kwenye kamba ya miwani yake. Akatoa na doti ya kanga kwa ajili ya mwali. Maandishi ya kanga hiyo yalimhusu bwana harusi, na msimuliaji ana adabu zake, hayarudii. Kina mama wakapiga vigelegele, basi likaondoka. Jumatatu ndoa ikafungwa, na baba mkwe akaivua suti jioni.

Ndiyo hadithi, nayo ni kweli tupu. Msimuliaji akanyoosha mkono achukue kashata, bure, ya mshindi.

"Subiri, Mzee Benson," akasema Faraji. "Hati zilirudishwa zote?"

"Zote."

"Na ya yule mzee wa Kibamba?"

Msimuliaji akakohoa. Akasema kahawa ya leo ina tangawizi nyingi. Akasema mzee yule bila shaka aliona aibu kwenda kuidai.

"Maana asubuhi kapita kijana, shati limepigwa pasi mpaka vifungo, ana pete mpya. Kasema kwenye sanduku kilibaki kimoja, mwenyewe hajatokea, na watu wamemwambia hukaa hapa." Faraji akainua sinia la kashata, akachomoa kitambulisho chini yake, akakizungusha kijiwe kizima wakione. "Sura nzuri kweli, mtu wa kuheshimika. Ila jamani, huyu wa Kibamba mbona anaitwa Benson?"

Kijiwe kikacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Nipe hicho, Faraji."

"Nitakupa, mzee wangu, mbona haraka? Kutoa ni jambo dogo." Akaanza kumimina, kikombe baada ya kikombe, mpaka kwa wale waliokuwa wanapita tu barabarani. "Tutaelewana."

Mzee Benson akaingiza mkono mfukoni.