Kisu Kisichojikunja

Jumatatu, 5 Julai 1954. Uyole.

Baridi kali. Umande umeganda kwenye majani ya viazi. Mimi sisikii baridi. Komeo langu la kisu cha kukunja limekamilika!

Miaka kumi na mmoja nimetengeneza kufuli na miavuli ya watu. Sasa jina langu, Sedekia, litachongwa kwenye chuma. Visu vya kukunja vya madukani vinajikunja ovyo na kukata vidole. Changu, hapana. Ukikikunjua, ulimi wa chuma unaangukia kwenye pengo lililo kwenye shina la kisu na kukibana. Ulimi huo nimeukata kutoka springi ya saa mbovu. Nimegonga mgongo wa kisu mezani mara mia mbili. Hakikujikunja.

Cha kwanza nimempa mke wangu, Lusia. Alikitia kwenye kapu la viazi. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 6 Julai.

Lusia amekatwa kidole gumba. Alikuwa akimenya viazi. Anasema alikizungusha kisu kidogo tu kutoa jicho la kiazi, kikajikunja. Nilimweleza kwa upole kwamba kisu hakizungushwi. Akaniuliza jicho la kiazi linatolewaje, basi.

Damu ilikuwa nyingi. Nilimfunga kitambaa. Kisha nikagonga kisu mezani tena, mara mia mbili. Hakikujikunja. Kosa si la komeo.

Alhamisi, 8 Julai.

Usaliti! Nimekuta kisu cha Kalinga jikoni kwangu.

Kalinga ni mhunzi, Mhehe wa Iringa. Kibanda chake kinatazamana na changu hapa sokoni. Visu vyake havikunjiki. Ubapa na mpini, basi, kama vya babu yake. Lusia anasema amepewa bure, Kalinga alipoona kitambaa kidoleni. Bure! Hivyo ndivyo adui anavyoingia ndani ya nyumba ya mtu. Nimekula viazi vilivyomenywa kwa kisu hicho. Vilikuwa vitamu.

Habari kubwa: Jumamosi atapita Didas, karani wa shamba moja la chai upande wa Nyololo. Anatafuta visu vya wapogoaji wake. Wanapanda miteremko yenye utelezi, hawataki makali wazi kiunoni. Kazi hii Mungu ameiumba kwa ajili yangu.

Ijumaa, 9 Julai.

Nimechoma kisu kwenye gogo, nikakizungusha. Mara moja tu, kwa udadisi. Kilijikunja. Nimeamua kutokizungusha tena.

Kwa ajili ya maonyesho nimetoboa shina la kisu kimoja na kupigilia riveti, msumari mfupi usiotoka. Kwa macho huioni. Hicho hakijikunji mpaka siku ya kiama.

Jumamosi, 10 Julai.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mambo yalianza kwa heshima. Watu walijaa. Nilichoma kisu chenye riveti kwenye gogo, nikaning'iniza jiwe la kusagia kwenye mpini. Kisu kimya. Didas akapiga makofi. Kisha akasema, “Sasa kikunje, fundi, nikitie mfukoni.”

Nilijaribu kukikunja kwa mikono. Nikajaribu kwa goti. Nikamwambia komeo hili ni aminifu kupita kiasi. Muuza nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Didas hakucheka. Alichukua kisu kingine kapuni, kisicho na riveti, akakichoma kwenye gogo, akaanza kukizungusha. Vidole vyake vinne vilikuwa kwenye njia ya makali.

Nikakumbuka kidole cha Lusia. Nikamrukia, nikamnyang'anya. Kisu kikajikunja mkononi mwangu.

Ieleweke kwamba nilikusudia tu kumwonyesha namna ya kukishika.

Kalinga alivuka njia akikimbia. Alichana shati lake mwenyewe, akanifunga, akanishika kiuno mpaka zahanati. Mishono tisa. Mlangoni akasema, “Ungeniita, ndugu yangu. Tungekitazama wote.”

Nililia. Dawa ile inachoma sana.

Jumapili, 11 Julai.

Didas amechukua visu vya Kalinga, ila anataka kila kimoja kiwe na ala ya ngozi ya kufunika makali. Baada ya ibada Kalinga alikuja nyumbani. Aliniomba mimi ndiye nishone hizo ala, tufanye kazi pamoja. Akasema pia kwamba pengo langu nimelichonga mshazari, ndiyo maana ulimi unateleza kisu kikizungushwa. Na kwamba nilikuwa nikijaribu lile tu nililojua kisu kitalishinda.

Lusia alimwambia “Ndaga”, asante ya kwetu, mara tatu. Mimi nikakubali. Nikaapa mbele yao wote wawili: makomeo basi. Lusia akabeba kapu langu la visu, akavitupa chooni. Nilivisikia vikitua, kimoja kimoja.

Jumanne, 13 Julai.

Nimetafakari siku mbili. Sasa nimeelewa kosa langu.

Udogo! Kisu ni kidogo, pengo dogo, ulimi mdogo. Ulitegemea nini? Kwenye panga kila kitu ni kikubwa. Panga la kukunja! Mtu analitia ndani ya koti, anakwenda zake shambani. Ulimi nitaukata kutoka springi ya lori.

Lusia ameniuliza ninachora nini. Nimemwambia ni ala.

Kesho nitamwomba Kalinga anishikie upande wa makali.