Bei Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiona! Iko dirishani, duka la cherehani nyuma ya kituo cha treni. Nyeupe, sindano sita, inadarizi yenyewe huku mwenye nayo amekaa anakunywa chai. Nilisimama pale hadi kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu. Nikakipangusa kwa mkono wa koti. Kikaingia tena.

Mke wangu ni fundi nguo kule nyumbani. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amempa kazi ya sweta zote za mwaka huu, kwa sharti moja: nembo idariziwe, isibandikwe. Shule zikikaribia kufunguliwa naye hana mashine, kazi inakwenda kwa Fundi Tabasamu, ng'ambo ya barabara. Huyo, kwa habari nilizonazo, ameshaanza kumsalimia mwalimu mkuu kwa mikono miwili. Mizigo ya ndege inaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo, mpaka mwezi mwingine.

Pesa ninayo. Yote. Miaka miwili ya kupiga pasi mashuka ya hoteli ugenini. Ningeweza kuingia, kulipa na kutoka. Lakini kulipa bei ya kwenye kibandiko, vilevile ilivyoandikwa? Mtu mzima mimi? Kitanda chetu cha harusi nilikipatana siku tatu, na aliyeniuzia ananiuliza hali mpaka leo. Kesho naanza.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kuikandia bidhaa.

Muuzaji ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo. Nimempa jina la Bibi Miwani. Niliizunguka mashine kama mtu aliyeletewa wali wenye unywele. Nikamwambia rangi imechoka. Nikamwambia sindano ya tatu siipendi inavyokaa. Akaiwasha, nikaitegea sikio, nikatikisa kichwa: inakohoa.

Nyumbani, hapo muuzaji angeapa kwa mama yake mzazi, angenivutia kiti, na mazungumzo yangeanza. Bibi Miwani hakuapa. Alivaa miwani, akatoa fomu. Akaniuliza kwa heshima kubwa: inakohoa wakati wote, au inapoanza tu?

Ningerudije nyuma? Nikasema inapoanza. Akaandika. Akanisomea maelezo yangu yote, nikatia saini. Akanishukuru kwa uungwana. Kisha wakatokea wanaume wawili na toroli, wakaishusha mashine dirishani na kuipeleka karakana. Utaratibu wa duka: chombo kilicholalamikiwa hakiuzwi mpaka kichunguzwe. Siku sita.

Nimeizuia mashine ya mke wangu kwa saini yangu mwenyewe.

Jioni akapiga simu kuuliza. Nilimwambia mambo yamefika mbali. Sikudanganya. Karakana iko mji wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo moja linaninyima raha. Hii bei, nani kaipanga? Lazima kuna mtu. Ana mke, ana mafua, ana siku zake za kucheka. Nikimpata huyo, tutaelewana tu.

Nilipita dukani saa ya chakula. Bibi Miwani akasema bei yeye haijui inakotoka, inateremka kutoka makao makuu. Akanipa namba. Nikaipiga nikiwa kazini, nimebana simu begani, mashuka yakiingia kwenye pasi kubwa ya mviringo. Akapokea binti. Akasema bei inatoka kwenye kompyuta. Nikamuuliza, na kompyuta anaiambia nani? Akasema hajawahi kuulizwa. Akasema ni mwaka wa nne yupo pale na sasa na yeye anataka kujua. Tukaongea robo saa kama watu waliosoma pamoja. Ameahidi kupanda ghorofa ya juu kuuliza.

Mashuka manne yameungua. Msimamizi alinyoosha kidole tu. Nimehamishiwa kukunja taulo.

Jumatatu, 10 Machi

Imerudi. Nilikwenda mbio, bado navuja jasho la taulo.

Haikohoi. Imefunguliwa skrubu kwa skrubu na haina hata chembe ya kasoro. Ina cheti chenye mhuri, dhamana yake imeongezwa mwaka mzima, na kwa ajili hiyo ina kibandiko kipya. Bei imepanda. Bibi Miwani alinishika mkono akasema yote haya ni kwa sababu yangu, laiti wateja wote wangekuwa makini hivi.

Binti wa makao makuu naye kapiga. Ghorofa ya juu hawajui. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua. Wamepanga kikao.

Nimemsimulia shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye tunaishi naye chumba kimoja. Yeye huendesha gari la kusambaza vifurushi na hana subira na mambo ya hekima. Alikuwa anaosha sufuria, hata kugeuka hakugeuka.

"Shemeji, lipa ulale."

Vijana wa siku hizi wamepoteza mengi.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili: mpambe. Shemeji atangulie, ataje bei ya kuchekesha, akataliwe. Niingie mimi, nitaje ya juu kidogo, nionekane mkombozi. Tumefanya mazoezi jikoni jana, mimi nikiwa Bibi Miwani. Alifanya vizuri sana.

Nilimpa dakika kumi. Nilipoingia nilimkuta kwenye kiti, mbele ya mashine, ulimi umetoka kwa umakini. Anadarizi ua kwenye leso. Bibi Miwani amemshika kiwiko kumwelekeza.

Akainua macho, uso unamwaka. "Shemeji, njoo uone! Petali tano!"

Mpango ukafia hapo. Bibi Miwani akauliza kama tunafahamiana. Nikasema kwa mbali. Shemeji, ambaye hakuzaliwa na chembe ya uongo, akamweleza yote: mpambe ni nini, bei ya kuchekesha ni ipi, hata jikoni nilivyomwigiza yeye na miwani ya kuazima. Nilitazama dari. Dari lao limepakwa rangi vizuri.

Hakukasirika. Ndiyo ajabu yake. Alivuta kiti akataka kujua zaidi. Je, watu wote kwetu hufanya hivyo? Hata kwa nyanya? Kitanda kilichukua siku tatu, je, usiku muuzaji alikuwa anajua nitarudi? Nikasema alijua, ndiyo maana alikuwa ananiwekea chai. Akasema miaka ishirini amesimama hapa na hakuna mteja aliyewahi kurudi ila kwa kulalamika.

Nilitaka kulipa hapohapo, kwa huruma. Nikajizuia kwa nguvu.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kapiga asubuhi, sauti imekauka. Fundi Tabasamu jana kaonekana akimpima mwalimu mkuu suruali, bure. Kesho mizigo inaondoka.

"Baba Watoto, unanunua mashine au unaoa?"

Nikaanza kueleza. Akasema sikuulizwa maelezo. Niende dukani, nichukue shemeji, nimpe muuzaji simu.

Nimekaa pembeni mchana huu, kwenye benchi la wateja, nikiwasikiliza wanawake wawili wakizungumza kupitia kinywa cha shemeji, mkalimani wao. Mke wangu akauliza fremu ina upana gani. Akauliza kama inavuta kitambaa kilichofumwa. Akauliza uzi wa pamba inaukubali. Maswali ya ajabu! Siku kumi zote hizi sikuuliza hata moja. Nilikuwa nauliza bei tu.

Bibi Miwani akavua miwani. Akasema kwa sweta hii siyo. Itazivuta, nembo zitajikunja. Akaingia stoo akatoka na nyingine, ya kijivu, sindano moja, sura ya bata. Hii ndiyo wanayonunua washonaji wa sare. Na kibandiko chake kilikuwa karibu nusu ya bei ya ile ya dirishani.

Nusu! Nikavuta pumzi. Kutoka nusu mtu anaweza kuanza kuzungumza.

"Nakusikia unavyovuta pumzi," mke wangu akasema kwenye spika. "Nyamaza hivyohivyo. Lipa."

Nimelipa. Dakika nne na sekunde kadhaa, pamoja na risiti. Saa kumi na moja jioni ilikuwa kwa wakala wa mizigo, imefungwa kamba.

Wengine watasema ni bahati. Mimi najua nani alimlainisha yule mama siku kumi.

Jumatatu, 28 Aprili

Sweta zimetoka. Mke wangu ametuma picha: watoto wa shule mistari mitano, nembo zimekaa kama zimezaliwa nazo. Mwalimu mkuu amempa na kazi ya mwakani. Mke wangu ananiambia sasa nije. Kitinda mimba wetu anaamini baba ni kitu kinachokaa ndani ya simu. Akiambiwa aniage, anaizima. Nimemwahidi Jumamosi.

Ruhusa ya kazini nimepata, wiki mbili. Leo nimekwenda kwa wakala wa tiketi. Ndege ya Jumamosi imebaki na kiti kimoja. Binti wa pale kanitajia bei.

Nimefikiri sana juu ya mambo ya Machi na kosa langu nimeliona. Nilikuwa nabaki dukani. Muuzaji atakuitaje urudi wakati hujaondoka? Kwa hiyo leo nilimwambia binti ngoja nifikiri. Nikainuka. Nikafunga koti kifungo kimoja kimoja, nikatoka polepole kabisa.

Naandika haya nikiwa kwenye ngazi za nje. Kupitia kioo namwona vizuri. Kuna bwana mmoja mwenye begi amekaa kwenye kiti changu, binti anamchapia kitu. Sasa wanapeana mikono. Hainishughulishi. Mara mbili ametazama mlangoni.

Ataita tu.